Windows 10 imekatiwa ulinzi: kuna haki gani kutusukumia Windows 11?

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama ya bure kama zamani, na sisi mafundi tumeulizwa swali lilelile mpaka basi: nihamie Windows 11 au nibaki nilipo? Nimewahamisha wengi na yaliyowakuta nitayasema. Ila ninalotaka tulijadili ni zito zaidi: kampuni ya Microsoft ina haki gani kuacha kuilinda mashine nzima, isiyo na tatizo lolote, kwa sababu ya umri wa chipu yake? Mimi nasema haina. Na nasema Tume ya Ushindani hapa Tanzania, pamoja na wenzao wa Kenya, wana kazi ya kufanya.

Nianze na walioruhusiwa, yaani wale ambao mashine zao zinakubaliwa na Windows 11. Mwenye Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) hana cha kulia sana. Kitufe cha Start kimehamia katikati, unakirudisha kushoto kwenye mipangilio. Ukibofya kulia kwenye faili, menyu imefupishwa, uliyoyazoea yamesogezwa hatua moja ndani. Haya ni mazoea tu, yanapita. Anayeteseka ni mwenye diski ile ya kuzunguka: anawasha mashine, taa ya diski haizimiki, Word inafunguka kwa kusuasua. Huyo aanze na SSD, Windows baadaye.

Linaloniumiza ni ufunguo wa BitLocker, kile kifuli cha Windows kinachofunga diski nzima. Toleo la 24H2 la Windows 11 likipigwa upya kwenye mashine inayokidhi vigezo, na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inajifunga kwa msimbo yenyewe na ufunguo wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti ile. Sasa tazameni tunavyonunua kompyuta. Muuzaji anaiwasha dukani, anaweka barua pepe yake ili mambo yaende haraka, mteja anaondoka na mzigo. Siku BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows) inasasishwa, skrini ya buluu inatokea na kudai tarakimu 48. Nimeletewa mashine ya mwanafunzi ikiwa hivyo, tasnifu yake yote imo ndani, muuzaji hapokei simu. Hakuna fundi wa kufungua hapo, hata ulipe kiasi gani. Kwa hiyo kabla hujahama, ingia kwenye akaunti yako mwenyewe, hakikisha ufunguo upo, uuandike kwenye karatasi.

Sasa walionyimwa. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka), na kwa upande wa Intel Core kizazi cha 8 kwenda juu. Mtumba mwingi unaotupitia mikononi ni EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na ndugu zake. Hizo ni kizazi cha 6. Chukua T470 yenye i5 ya kizazi cha 7, RAM GB 16, SSD ya maana: imekataliwa. Weka pembeni yake kile kikompyuta cha Celeron N4000, RAM GB 4, hifadhi GB 64, ambacho kurasa tatu za Chrome zinakitoa jasho: kimekubaliwa. Halafu kati ya chipu chache sana za kizazi cha 7 zilizopewa msamaha mwaka 2021 imo Core i7-7820HQ, iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2 ya Microsoft wenyewe. Nani atanieleza kigezo hapa ni usalama?

Microsoft walijitetea kwamba, katika majaribio yao, mashine zisizokidhi vigezo zilianguka kwa hitilafu za kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi. Sawa. Lakini hiyo inahusu kuendesha Windows 11. Haielezi kwa nini mtu anyimwe viraka (masasisho ya kuziba matundu ya usalama) vya Windows 10, ambavyo bado vinatengenezwa! Vinatolewa kwa mpango wa nyongeza uitwao ESU: makampuni wanauziwa kwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Mtumiaji wa nyumbani analipa dola 30 hadi Oktoba 13, 2026, au anapewa bure akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye wingu lao. Nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya zimepewa bure bila sharti hilo, baada ya watetezi wa walaji, Euroconsumers, kukomaa nao. Kiraka ni kilekile. Kilichotofautiana ni nani alidai.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unawaonea. Windows 10 ilitoka Julai 2015, wameihudumia miaka 10. Gari gani unanunua ukapewa vipuri bure muda wote huo? Na ukumbuke WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia Mei 2017: kiraka kilitoka Machi, watu wakapuuza, hospitali za Uingereza zikaahirisha upasuaji. Mtu asiyehama ni hatari kwetu sote.

Mchangiaji wa pili, mwenye steshenari:
Mimi nimehama na nimejuta. Printa yangu ya zamani draiva imekataa, wateja wamepanga foleni na flashi mkononi. Nilirudi Windows 10 kupitia mipangilio kwa vile siku 10 za kuruhusiwa kurudi zilikuwa hazijaisha. Angalieni draiva kwanza.

Mchangiaji wa tatu:
Kelele za nini? Rufus, programu ya bure ya kuandaa flashi ya kupigia Windows, inaondoa hayo masharti. Napiga Windows 11 mpaka kwenye kizazi cha 3, mteja anaondoka anacheka.

Mleta mada:
Mkuu wa kwanza, mfano wako uko upande wangu. WannaCry ilipolipuka, Microsoft walitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokatiwa huduma tangu 2014, kwa sababu maambukizi hayachagui. Walijua hilo wakati ule. Leo mashine isiyo na kiraka iko kwenye mtandao mmoja na zahanati na shule, na mwenye nayo hana dola 30 wala kadi ya kulipia.

Ndugu wa steshenari, pole sana. Kabla ya kujaribu tena, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna draiva ya Windows 11 kwa modeli hiyo. Ikikosekana, baki Windows 10 na ujisajili ESU leo.

Na wewe wa Rufus, je, mteja unamwambia? Mashine hiyo sasisho kubwa la kila mwaka halitaijia lenyewe, atalazimika kurudi kwako. Na chipu za zamani zaidi za Core 2 Duo, tangu 24H2, haziwashi Windows 11 kabisa, kwa kuwa hazina amri iitwayo POPCNT ambayo toleo hilo linaihitaji. Fanya, lakini mwandikie kwenye risiti ulichofanya. Kama anataka kuandika, kuvinjari na kuchapa tu, mwonyeshe Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft, kwenye flashi aijaribu kabla hajalipa.

Aliyewahi kupeleka malalamiko ya aina hii kwa Tume ya Ushindani aje atueleze utaratibu. Barua nitaiandika mimi.