«Mlalo» na «wima», au «ubavu kwa ubavu» na «juu na chini»? Ulinganisho wa majina ya mipangilio

FundiSkrini: Wakuu, ninaandika mwongozo wa Kiswahili wa i3, programu ya Linux inayopanga madirisha yenyewe bila kupishana, na nimekwama kwenye majina. Mpangilio wa splith huweka madirisha ubavu kwa ubavu. Splitv huyaweka juu na chini. Nikiyaita «mgawanyo wa mlalo» na «mgawanyo wa wima», msomaji aliyezoea Vim, programu ya kuhariri maandishi, atapotea, kwa kuwa kule amri ya split huchora mstari wa mlalo, dirisha moja likawa juu na jingine chini, na anayetaka yakae ubavuni hutumia vsplit. Je, tutaje mstari unaogawa, au mwelekeo ambao madirisha hufuatana?

KibodiTu: Napendelea mwelekeo. Hata tmux, programu inayogawa dirisha la terminali kuwa vidirisha, ni hivyo: split-window yenye -h huleta vidirisha ubavu kwa ubavu. Anayetumia i3 na tmux kwa pamoja, nasi wa namna hiyo tu wengi, hatalazimika kujifunza maana mbili.

MfasiriMdogo: Ndugu yangu, hoja hiyo inamfaa anayezijua tayari programu hizo. Mgeni akisoma «mlalo» atauliza kinacholala ni kipi, mstari au madirisha, na jina lenyewe halimjibu. Awesome, programu nyingine ya kupanga madirisha, nayo ina mtego wake: katika tile.left dirisha kuu hukaa kulia, kwa sababu neno left, yaani kushoto, linataja upande wa madirisha mengine. Mimi ningeandika «ubavu kwa ubavu» na «juu na chini», hata kama ni marefu, kisha amri ibaki splith kama ilivyo, maana faili la usanidi halielewi Kiswahili.

KibodiTu: Kwa maelezo, nakubali. Katika jedwali la vitufe, maneno matatu yatabana safu.

FundiSkrini: Basi jedwali litakuwa na mchoro mdogo badala ya maneno, kama dwm, nayo programu ya kupanga madirisha, inavyoonyesha mpangilio kwa alama []= kwenye upau wake. Limebaki jina la mpangilio wa stacking, ambamo dirisha moja tu huonekana na vichwa vya mengine hupangwa mistari juu yake. Nilikuwa nimeandika «moja juu ya jingine», nikagundua kwamba msomaji angedhani ni splitv.

MfasiriMdogo: Liite «rundo», na mpangilio wa tabbed uwe «vichupo». Ila eleza kwamba tofauti yao ni vichwa tu: katika rundo kila kichwa kina mstari wake, katika vichupo vyote hugawana mstari mmoja.