Askari anayerudi kutoka Kongo: ushauri nasaha uwe lazima au hiari?

Mke wa Askari: Desemba 7, 2017, pale Semuliki wilayani Beni, waasi wa ADF waliua vijana wetu wasiopungua 14 wa JWTZ waliokuwa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwaaga kwa heshima zote. Mimi nawaulizia waliobaki hai. Kila anayetoka misheni akae kwanza na mtaalamu wa saikolojia ndipo aende likizo, na iwe lazima. Ukisema hiari, nani atanyoosha mkono mbele ya wenzake?

Chuma cha Pua: Mnawadekeza. Wazee wa vita vya Kagera walimfukuza Amin, wakaingia Kampala Juni 1979, wakarudi wakashika jembe. Nani alisikia habari za saikolojia? Asiyeweza aache jeshi.

Mtoto wa Isike: Hapo kwenye jembe umenigusa pabaya. Kwanza Kampala ilianguka Aprili 11. Juni ndiyo vita viliisha. Pili, baba yangu ni mmoja wa hao, alikuwa mgambo. Alirudi Tabora na jembe alishika kweli. Lakini msimu wa maembe, embe likidondoka juu ya bati usiku, yeye yuko uvunguni kabla halijafika chini. Mama akawa anatutuma sisi watoto tuchume mabichi yote ya upande wa nyumba, tunakula na chumvi, hatujui sababu. Usimtaje baba yangu kama mfano wa mtu aliyepona.

Chuma cha Pua: Pole ndugu yangu, sikumlenga mzee. Ila mgambo katolewa shambani, askari kaandaliwa. Si sawa.

Binti Muleba: Si sawa? Risasi za Amin ziliuliza nani mgambo? Sisi tunaokaa karibu na makaburi ya mashujaa pale Kaboya hatuwezi kuongea hivyo. Na kama ni kuongea, tuongelee kifuta jasho cha hao mgambo.

Nesi wa Zamu: Jamani, swali ni la walio kazini leo. Nimewapokea wodini: anasema vidonda vya tumbo, anasema presha, kumbe wiki tatu hajalala. Ukimtajia daktari wa akili anavaa viatu anaondoka, maana mtaani watasema kapelekwa Mirembe. Kikiingia kikosi kizima kwenye ushauri nasaha, kamanda akitangulia, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Chuma cha Pua: Mirembe ni hospitali kama nyingine, msiitukane. Dada yangu kafanya kazi pale miaka mingi.

Nesi wa Zamu: Nani kaitukana? Soma tena taratibu.

Binti Muleba: Kifuta jasho mmekikwepa.

Mke wa Askari: Mtoto wa Isike, samahani nakuuliza wewe. Mzee aliacha baada ya muda gani? Wangu amerudi, sasa halali mpaka kitanda kielekee mlangoni.

Mtoto wa Isike: Hakuacha, dada. Tuliukata mwembe. Radi hatukuweza kuifanya chochote.