Mzee anasoma chati ya macho vizuri, ila bodaboda zinamshtukiza

Mwana_Kihonda: Habari wakuu. Baba ana miaka 71, anaendesha hapa Morogoro. Kapimwa macho, herufi zote kasoma. Ila akikata kulia kwenye makutano, bodaboda inamwibukia tu. Barabara ikiwa tupu hana shida. Ni macho au nini?

Jicho_Pembeni: Chati inapima katikati ya jicho, mtu katulia, kitu ni kimoja. Umri ukisogea, eneo ambalo ubongo unalinasa kwa mtazamo mmoja hupungua, hasa pakiwa na vurugu. Mzee kakazia macho daladala inayokuja. Bodaboda iliyo kando yake inaingia jichoni lakini akili haijaipokea. Kwa kilomita 50 kwa saa gari inakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo akichelewa nusu sekunde ni mita 7. Hata hivyo apimwe presha ya macho na uwezo wa kuona pembeni. Glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, inaanza kula pembeni kimyakimya, herufi bado zinasomeka.

Gia_Ya_Tatu: Sisi tunaopita kushoto, kukata kulia ndiko kubaya, maana unavuka njia ya wanaokuja. Akisubiri, tairi za mbele ziwe zimenyooka. Akigongwa nyuma zikiwa zimekunjwa, anasukumwa moja kwa moja mbele ya wanaokuja. Ageuze shingo, kisha asogeze kiwiliwili mbele na nyuma kidogo, kwa sababu ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaficha bodaboda nzima. Redio izimwe, na abiria wanyamaze hapo. Akiweza kuzunguka mtaa kwa kona tatu za kushoto, azunguke.

Mkuki: Miaka 70 ikifika, mnyang'anyeni funguo. Basi.

Jicho_Pembeni: @Mkuki hapana. Uingereza kwenyewe wanahuisha leseni ukifika 70, halafu kila miaka 3. Miaka haiendeshi gari.

Dawa_Asubuhi: Mmesahau dawa. Vidonge vya mafua vyenye klofeniramini, au amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva), au diazepamu (ya kutuliza wasiwasi): kameza usiku, asubuhi bado mzito, naye anajiona yuko sawa. Mwulizeni mfamasia kuhusu kila anachomeza. Usiku apunguze safari. Jicho la miaka 60 linapitisha takriban theluthi ya mwanga wa jicho la miaka 20.

Gia_Ya_Tatu: Kagua pia michubuko mipya ubavu wa kushoto wa gari, ule ulio mbali na dereva. Na siku akikanyaga mafuta akidhani ni breki, hapo funguo zikae kwako mpaka daktari amwone.