Fildi ya mikoko Kunduchi: kwenye CV ya kazi ya benki niandike nini?

Binti_Tegeta: Wakuu, salaam. Nasoma jiografia, fildi ilikuwa ya kupima mikoko Kunduchi. Naomba kazi benki na kampuni za simu. "Nilishiriki mafunzo kwa vitendo" naona haina uzito. Ujuzi gani wa fildi unafaa huko, na unaandikwaje?

Tepu_na_Kalamu: Futa "mawasiliano mazuri" na "ushirikiano", kila CV mjini hapa inayo. Anza na uhakiki wa takwimu, ndipo fildi inapokupa kitu ambacho darasa halikupi.

Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unazungushiwa tepu kwenye kimo cha mita 1.3. Mkoko wenye mizizi ya magongo unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mzingo unagawanywa kwa 3.14 kupata kipenyo. Sasa, mmoja kwenye kundi akijaza mzingo kwenye safu ya kipenyo, miti yake inanenepa mara tatu, na eneo la mkato wa shina linapanda karibu mara kumi kwa kuwa kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Kompyuta hailalamiki. Kosa linanaswa na anayepanga safu kutoka ndogo hadi kubwa, akaona kundi la namba limejitenga juu, akarudi kwenye fomu za karatasi. Mtu wa takwimu za mikopo anafanya hivyo hivyo. Andika: "Nilihakiki vipimo vya miti kwa kulinganisha fomu na jedwali, nikasahihisha mzingo ulioingizwa kama kipenyo." Iwe umeifanya kweli, maana usaili utakuuliza hatua kwa hatua.

Ramani37: Kampuni ya simu itapenda ramani. Ramani za zamani za 1:50,000 ziko kwenye mfumo wa majiranukta wa Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, pointi zinahama kama mita 300 na sampuli ya mikoko inatua baharini. Kama ulirekebisha hilo kwenye QGIS, programu ya ramani, litaje pamoja na kanda ya UTM (mgawanyo wa dunia kwa ajili ya ramani), 37 Kusini.

Mama Bamvua: Mdogo wangu, usiache ratiba. Maji kupwa yanachelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo saa mliyoingia mikokoni Jumatatu, maji yakiwa yametoka, Ijumaa imesogea zaidi ya saa tatu. Hapo weka na ruhusa: barua ya chuo, manispaa, kata, serikali ya mtaa. Zinakwama barua ikiwa na tarehe zilizopita au jina la mwanafunzi likikosekana. Aliyepanga vyote hivyo anajua kuratibu kazi, na mwajiri anaelewa bila kuelezwa.

Binti_Tegeta: Asanteni sana. Na dodoso la wavuvi?

Tepu_na_Kalamu: Hilo benki watalielewa haraka. Mvuvi aliyekataa kutaja mapato haandikiwi 0, maana 0 inashusha wastani wa wote. Anapewa alama yake, mfano -99, na inaondolewa kabla ya kukokotoa. Taja mliwahoji wangapi na wangapi walikataa.