Amonia ya viwanda vya minofu: sisi majirani tuchukue tahadhari gani?

Mkazi wa Kando ya Ziwa:
Habari za jioni, wanajukwaa. Naishi Mwanza, jirani na kiwanda kimoja cha kuchakata minofu ya sangara. Mara kwa mara, hasa mchana, hutufikia harufu inayochoma pua na kutoa machozi, kama ya banda la kuku lisilosafishwa. Tumeambiwa ni amonia ya kugandishia samaki. Naomba wajuzi mnieleze kwa nini viwanda hutumia kitu cha hatari namna hii, na tufanye nini siku ikivuja kwa wingi, maana nyumbani nina mama mzee mwenye pumu.

Fundi Majokofu:
Pole sana, ndugu yangu. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 za selisiasi chini ya sifuri, na inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke hufyonza joto jingi mno. Ndiyo maana wanaogandisha minofu kwa tani huipenda, tena bei yake ni nafuu na haidhuru tabaka la ozoni. Hula shaba, kwa hiyo mabomba yake huwa ya chuma. Sisi mafundi tukitafuta penye kuvuja huwasha utambi wa salfa na kuupitisha taratibu kwenye kila kiungio na kila vali: panapovuja, moshi hugeuka mweupe mzito papo hapo.

Pua huitambua amonia mapema, kabla haijafikia kiwango cha kudhuru. Hewa ikiwa na sehemu 300 za amonia katika milioni, uhai uko hatarini. Lakini pua huzoea, na mwenye pumu huumia kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo harufu inayorudi kila mara isichukuliwe kuwa jambo la kawaida.

Ikivuja kwa wingi, msikimbie kufuata upepo. Ukateni kwa pembeni. Kwenu mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Mvuke mkavu ni mwepesi kuliko hewa, ila wingu baridi lenye matone hutambaa chini kama ukungu, basi msijifiche mabondeni. Mkishindwa kutoka, fungeni milango na madirisha, na mzibe pua kwa kitambaa kilicholowa maji. Jicho likiingiwa, lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Mkazi wa Kando ya Ziwa:
Nashukuru sana. Majirani wanasema ikimwagika tuimwagie maji. Ni sahihi? Na hutengenezwaje?

Mwalimu wa Kemia:
Msifanye hivyo. Maji hunyonya mvuke wa amonia kwa kasi, na zimamoto hunyunyizia wingu lake maji laini kama manyunyu. Lakini ukiyamwaga juu ya dimbwi la amonia yenyewe, unalipelekea joto na litachemka kwa nguvu zaidi. Isitoshe, maji hayo yakitiririka hadi ziwani huua samaki, wakiwemo wa vizimba, na sumu hiyo huzidi kadiri maji yalivyo na joto na ualkali. Pigeni 114, kazi hiyo muwaachie Zimamoto.

Kuhusu utengenezaji, nitrojeni ya hewani huunganishwa na hidrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye gesi asilia, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo unaozidi mara 100 ule wa hewa ya kawaida, na kichocheo cha chuma. Fritz Haber alionyesha njia hiyo mwaka 1909, Carl Bosch akaikuza, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza mwaka 1913. Takribani asilimia 80 ya amonia duniani huwa mbolea. Urea anayotia mkulima wa mahindi huko Magu imeanzia humo humo.

Fundi Majokofu:
Mwalimu amemaliza. Naongeza moja tu: kupitia serikali ya mtaa, ombeni kiwanda kiwaonyeshe king'ora chake cha kuvuja kinavyolia, na kieleze ni nani atakayewapigia simu usiku. Wakikaa kimya, pelekeni malalamiko kwa maandishi OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, mkitaja tarehe na saa za kila harufu.