Nataka kupunguza kahawa lakini kijiwe sikiachi, nifanyeje?

Fundi Saa
Wakuu, kazini nakunywa kahawa ya kopo asubuhi na mchana. Baada ya isha nashuka kijiweni: kahawa chungu, kashata, bao linachezwa, na mzee mwenye dele hasubiri uagize, kikombe kikikauka anamimina. Siku hizi usingizi unakuja saa nane, moyo unaenda mbio, kiungulia ndio usiseme. Nikiacha ghafla kichwa kinapasuka mpaka nimeze Panadol Extra. Kijiwe siwezi kukihama, wateja wangu nusu nawapata pale.

Nesi Mstaafu
Pole kaka. Hiyo Panadol Extra hebu soma pakiti: kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Ukimeza viwili umeshakunywa kahawa, ndiyo maana kichwa kinatulia upesi. Tumia Panadol ya kawaida. Na usikate ghafla. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, ukianza na cha usiku. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya saa tatu usiku, saa nane nusu yake bado inazunguka. Huo moyo kwenda mbio usiisingizie kahawa peke yake, kapime presha.

Muhaya Mpole
Mkuu, unakunywa kahawa gani? Robusta ya kwetu Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Wazee wetu wanatafuna buni chache tu na maongezi yanakwenda. Nyie mnamimina vikombe!

Mama Chapati
Hamia chai ya rangi, yaishe.

Nesi Mstaafu
Mama, chai nayo ina kafeini, ila kidogo. Asiinywe na chakula, inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Mtaji wa Kete
Dawa ya kijiweni ni moja: ukimaliza cha kwanza, mrudishie mzee kikombe mkononi. Ukikiacha mbele yako umekwisha. Au ulizia tangawizi, wengi wanatembea na birika la pili.

Fundi Saa
Asanteni sana. Pakiti nimeisoma, kumbe kweli! Jana niliomba tangawizi, mzee akaniuliza kama naumwa. Kijiwe kizima kikacheka, na bao nikafungwa.

Nesi Mstaafu
Na presha?

Fundi Saa
Kesho asubuhi, dada.