Naomba ushauri: king'ora kinalia kabla sijafika kwenye kibodi ya kuzimia alamu

Wakuu, habari za leo. Nipo Nzuguni, Dodoma. Nyumba niliyopanga ina alamu ya wezi, ila fundi aliyeifunga hapatikani tena kwenye simu.

Mlango wa mbele umepewa sekunde 30 za kuingia na kuzima, hizo zinanitosha kabisa. Tatizo ni sensa ya mwendo ya sebuleni (kile kifaa kinachohisi mtu akipita), imewekwa ya papo hapo. Nikipiga hatua mbili tu ndani, king'ora hicho! Majirani wote nje. Nadhani ilitakiwa ifuate muda wa mlango, lakini namba yangu ya siri inawasha na kuzima tu, mipangilio inataka ya fundi.

Halafu usiku nataka milango na madirisha vilindwe, sensa za ndani zilale, maana watoto huamka kwenda chooni. Na upepo wetu huu mnaujua, pazia likipepea tu balaa.

Je, nikiirudisha kwenye hali ya kiwandani, nitalazimika kusajili sensa zote upya? Au kuna fundi wa uhakika hapa mjini? Wa kushauri ning'oe betri, asante, nimeshaambiwa na shemeji.